Amri ya Saba: Michezo ya Bahati Inayoruhusiwa na Serikali

Mwalimu anapofundisha Amri ya Saba, wakatekumeni hufahamu upesi neno la wizi. Kuku wa jirani, muhogo wa shamba la mwingine, deni lisilolipwa, mizani ya uwongo sokoni: hayo hayahitaji maneno mengi. Lakini mara nyingi mtu mmoja huinua mkono kutoka nyuma kabisa na kuuliza: «Mwalimu, mimi sikuiba. Niliweka franka zangu, mwenzangu akaweka zake, tukacheza karata, nami nikashinda. Je, hiyo ni dhambi?» Na mwingine aliyepata kukaa mjini huongeza: «Hata Serikali yenyewe inauza tikiti za bahati. Ikiwa Serikali inauza, litakuwaje jambo baya?»

Maswali hayo ni ya haki, nayo yanastahili kujibiwa kwa taratibu. Anayejibu kwa neno moja tu, ndiyo au hapana, amemdanganya mwulizaji.

Kwanza, maana ya maneno. Wakimbiaji wawili wakishindana, ashindaye ni mwenye mbio. Wavuvi wakishindana, ashindaye ni mwenye ujuzi, ingawa samaki nao wana neno lao. Lakini iko michezo ambayo mtu hawezi kushinda kwa nguvu wala kwa akili, bali kwa bahati tupu. Mtu akiweka mali katika mchezo wa namna hiyo, au juu ya jambo lolote lisilojulikana mwisho wake, anacheza kamari. Loteri, au bahati nasibu, ni kamari ya watu wengi: kila mmoja hununua tikiti yenye namba, kisha namba chache hutolewa kwa kura, na wenye namba hizo hupewa zawadi. Kasino ni nyumba iliyojengwa makusudi kwa kamari, yenye meza, taa nyingi na watumishi waliovaa vizuri.

Kura yenyewe si mbaya. Mitume walipotaka kujaza mahali pa Yuda walipiga kura, ikamwangukia Mathiya. Askari nao walipiga kura chini ya msalaba wapate kugawana mavazi ya Bwana. Tendo ni lile lile, na tofauti yake kila mmoja anaiona bila kuonyeshwa.

Mfano mzuri wa kujifunza jambo hili ni nchi ya Ubelgiji, kwa sababu huko michezo ya bahati ina historia ndefu, na sehemu ya historia hiyo inagusa Kongo.

Katika milima ya mashariki ya nchi hiyo kuna mji mdogo uitwao Spa. Chemchemi zake zina maji yenye ladha ya chuma, na tangu kale wagonjwa na matajiri wa Ulaya walikwenda kuyanywa kwa kutafuta afya. Lakini maji hunywewa asubuhi; jioni ni ndefu. Wageni wenye fedha nyingi na kazi chache walianza kucheza karata na dadu kwa mali. Mwaka 1763 ikafunguliwa huko nyumba kubwa iitwayo Redoute, yenye ukumbi wa dansi, mahali pa michezo ya kuigiza, na vyumba vya kamari. Ndiyo moja ya kasino za kwanza kabisa za Ulaya.

Wakati huo mji wa Spa ulikuwa chini ya Askofu-Mfalme wa Liège, yaani mtu mmoja aliyekuwa askofu wa Eklezia na mtawala wa nchi pamoja. Yeye ndiye aliyetoa ruhusa ya nyumba hiyo, akapokea sehemu ya faida yake. Jambo hili halifai kufichwa. Mkatekumeni na ajue mapema kwamba watu wa Eklezia nao waliwahi kuipenda fedha iliyotoka katika meza za kamari.

Na faida hiyo ilizaa ugomvi. Mwaka 1785 mtu mmoja jina lake Noël-Joseph Levoz alifungua nyumba nyingine ya michezo mjini Spa bila ruhusa ya Askofu-Mfalme. Alisema kwamba mtawala hawezi kukataza kwa amri yake peke yake, pasipo kuwauliza wajumbe wa nchi. Kesi ikaendeshwa, askari wakatumwa, watu wakagawanyika pande mbili. Ugomvi ulioanzia penye meza za karata ukageuka kuwa swali kubwa kuliko karata: ni nani mwenye uwezo wa kutunga sheria? Mwezi wa Agosti 1789 watu wa Liège, waliokuwa pia na njaa na kulemewa na kodi, waliasi, naye Askofu-Mfalme akakimbia nchi. Kamari haikuwa sababu ya pekee ya maasi hayo, lakini ilikuwa mlango wake.

Baadaye, nchi ya Ubelgiji ilipokwisha kuwa ufalme wenye sheria zake, ilitunga sheria ya mwaka 1902 ya kukataza nyumba za kamari. Ajabu ni kwamba kasino za miji kadhaa ziliachwa ziendelee, na Serikali ikazitoza kodi. Basi kwa miaka karibu mia moja jambo lile lile lilikuwa limekatazwa katika kitabu cha sheria na limehesabiwa katika kitabu cha mapato. Mwisho wake ilitungwa sheria mpya, tarehe 7 Mei 1999, iliyoweka wazi kwamba kasino zinaweza kuruhusiwa, lakini zisizidi tisa katika nchi nzima, nazo zisimamiwe na tume ya Serikali.

Nyumba hizo ziko Spa, Ostende, Namur, Dinant, Knokke na penginepo, nyingi kando ya bahari au penye mito, mahali wanapokwenda watu wakati wa mapumziko. Sheria inazitaka ziwe pia nyumba za burudani: muziki, michezo ya kuigiza, maonyesho, vyakula. Na kweli mtu akiingia kasino ya Knokke ataona picha kubwa zilizoandaliwa mwaka 1953 na René Magritte, mchoraji Mbelgiji mwenye sifa, zikizunguka ukumbi mzima. Watu wengi huingia, hula, husikiliza muziki, hupoteza fedha kidogo walizokusudia kupoteza, hurudi kwao wakicheka. Hao hawapaswi kuitwa wezi wala walevi wa kamari. Kusema kweli ni sehemu ya haki, hata mtu anaposema juu ya jambo asilolipenda.

Lakini sheria hiyo hiyo inaonyesha kwamba walioitunga waliijua hatari. Kijana aliye chini ya miaka 21 hawezi kuingia kucheza katika kasino. Mahakimu, maaskari polisi, na wale wanaotunga hati za mali za watu wamekatazwa kucheza humo, kwa maana wanashika vitu vya wengine na maamuzi ya wengine. Tena mtu anayejiona ameshikwa na mchezo anaweza kuomba yeye mwenyewe jina lake liandikwe katika orodha ya watu wanaokatazwa kuingia. Mtu anamwomba askari wa mlangoni amfukuze! Hakuna anayeomba jambo hilo kwa ajili ya mchezo wa mpira au wa ngoma.

Sasa, mchezo wenyewe huendaje? Mchezo mkuu wa kasino ni gurudumu liitwalo ruleti. Lina vyumba vidogo 37, vyenye namba 1 mpaka 36, na kimoja cha sufuri. Mtumishi hulizungusha na kutupa kigololo kidogo. Kikitulia katika chumba, namba hiyo ndiyo imeshinda. Mtu aliyeweka franka moja juu ya namba hiyo hulipwa franka 35 na kurudishiwa franka yake.

Tuseme wamekuja watu 37, kila mmoja akaweka franka moja, na kila mmoja juu ya namba yake. Juu ya meza kuna franka 37. Gurudumu likizungushwa, ni lazima mmoja ashinde, na mmoja tu. Huyo huondoka na franka 36. Franka moja imekwenda wapi? Imebaki kwa mwenye nyumba. Likizungushwa tena, moja tena imebaki. Mwenye nyumba hakudanganya mtu, hakuhitaji bahati, hakuhitaji hata kutazama. Yeye peke yake chumbani hachezi kamari.

Wapo watakaosema kwamba franka moja katika 37 ni kidogo. Ni kidogo kwa mara moja. Lakini mchezaji harudi nyumbani baada ya mara moja. Fedha ile ile aliyoshinda huiweka tena, ikapita tena chini ya mkono wa mwenye nyumba, na kila ikipita hukatwa. Mwenye duka la chumvi akikata punje chache katika kila kikombe, mwisho wa mwaka amejaza gunia.

Mwalimu anaweza kuonyesha jambo hili bila gurudumu. Achukue kibuyu, atie maharagwe mekundu 18, maharagwe meusi 18, na karanga moja. Wakatekumeni wacheze kwa punje za mahindi, si kwa fedha: anayetaja nyekundu naye ikatoka nyekundu hupewa punje nyingine sawa na aliyoweka, ikitoka nyeusi hupoteza, ikitoka karanga, mwalimu hutwaa punje zote, za wekundu na za weusi pia. (Katika meza nyingine za Ulaya nyumba hutwaa nusu tu, lakini kwa somo na atwae zote.) Kila punje irudishwe kibuyuni kabla ya kutoa nyingine. Mwanzoni watacheka, na baadhi watashinda, na hao ndio watakaosimuliwa kijijini kote. Wacheze mpaka jua linapopungua, kisha wahesabu mahindi yote yako wapi.

Katika mchezo huo wataona jambo lingine. Nyeusi ikitoka mara nne au tano mfululizo, wote watapiga kelele: «Sasa ni zamu ya nyekundu!» Hivyo ndivyo walivyosema watu katika kasino ya Monte Carlo, katika nchi ndogo ya Monaco, tarehe 18 Agosti 1913. Gurudumu lilileta nyeusi mara 26 mfululizo. Kadiri nyeusi ilivyoendelea, wachezaji waliongeza fedha juu ya nyekundu, wakiamini kwamba haiwezekani isitoke, wakapoteza mali nyingi sana. Gurudumu halina kumbukumbu. Kibuyu hakijui kilichotoka jana. Haragwe jekundu halisikii kwamba watu wanalingojea.

Kwa sababu hiyo wanaokwenda kwa mganga kutafuta dawa ya bahati, au kuota namba, au kuvaa hirizi mfukoni kabla ya kununua tikiti, wanaongeza hasara juu ya hasara. Wamelipa mara mbili, na mara ya pili wameivunja Amri ya Kwanza.

Loteri ina hesabu yake, nayo ni kali kuliko ya ruleti. Katika mchezo wa Lotto wa Ubelgiji mtu huchagua namba sita. Kabla ya mwaka 2011 alizichagua katika namba 42, na njia za kuzipanga zilikuwa 5,245,786. Mwaka 2011 ziliongezwa namba tatu tu, zikawa 45. Mtu ataona ni badiliko dogo. Lakini njia zikawa 8,145,060, na moja tu kati yake ndiyo yenye zawadi kuu. Mtu akicheza safu moja mara mbili kila juma, bila kukosa hata juma moja, angehitaji kwa wastani zaidi ya miaka 78,000 ili ashinde zawadi hiyo mara moja.

Loteri ya Serikali ya Ubelgiji ilianza kwa ajili ya Kongo. Baada ya mwaka 1929 biashara ya dunia nzima ilianguka; bei ya shaba na ya mazao ilishuka, na hazina ya koloni ikawa na upungufu mkubwa. Basi mwaka 1934 Wabelgiji waliunda Loteri ya Koloni, na faida yake ikawekwa kusaidia mapato ya Kongo. Watu wa Bruxelles na Liège walinunua tikiti wakiota utajiri, na kwa njia hiyo walilipa gharama ya nchi ambayo wengi wao hawakuiona kamwe. Mwaka 1947 lilipoundwa lile Fuko la Ustawi wa Wenyeji, lililochimba visima na kujenga nyumba za wazazi na zahanati katika vijiji, sehemu ya mali yake ya kwanza ilitoka katika faida ya loteri hiyo. Kongo ilipojitawala mwaka 1960, loteri iliwapasa Wabelgiji kuitafutia jina lingine na kazi nyingine. Sheria ya mwaka 1964 ikaifanya Loteri ya Taifa lao.

Hapa mkatekumeni mwenye akili atasimama tena: «Basi kisima tulichonywea mababu zetu kilichimbwa kwa fedha ya kamari. Je, maji yale yalikuwa ya dhambi?» La. Maji yalikuwa mema, na mama aliyejifungua salama katika nyumba ile alipata jambo jema. Lakini liko swali la kufuata: nani alilipa? Kodi ya haki hupimwa kwa mali ya mtu. Mwenye ng'ombe mia hatozwi sawa na mwenye mbuzi mmoja. Tikiti ina bei moja kwa wote. Tajiri hainunui ili aokoke na dhiki, kwa kuwa hana dhiki. Fukara huinunua kwa sababu haoni mlango mwingine, na kwake bei hiyo ni mkate wa siku. Tena Serikali inayopata mapato kwa tikiti huanza kuzisifu tikiti; inabandika picha kuwavuta watu wacheze, nayo ndiyo iliyopaswa kuwaonya. Kisima kingeweza kuchimbwa kwa fedha nyingine.

Sasa mafundisho ya Eklezia. Katekismu ya mwaka 1992, katika maelezo ya Amri ya Saba, haisemi kwamba mchezo wa bahati ni kinyume cha haki kwa wenyewe. Inasema unakuwa mbaya pale unapomnyima mtu mahitaji yake ya lazima, au mahitaji ya wale anaopaswa kuwalisha. Tena inaonya kwamba tamaa ya mchezo yaweza kumfanya mtu mtumwa. Kudanganya katika mchezo ni jambo zito, isipokuwa hasara ni ndogo mno.

Tangu zamani waalimu wa Eklezia waliuliza mambo haya juu ya kila kamari: fedha hiyo ni yako kweli? Mwenzako amecheza kwa hiari na kwa akili timamu? Mchezo hauna hila? Basi aliyecheza karata na mlevi, au na mtoto, akamshinda, hana budi kurudisha, hata kama karata zilikuwa safi. Aliyeweka alama kwenye karata arudishe yote. Aliyeshinda kwa haki, kwa fedha yake mwenyewe, hana wajibu wa kurudisha. Na misheni ikiuza tikiti za tombola ili kutengeneza bati la kanisa, hakuna ubaya, mradi bei iwe ndogo, zawadi ionyeshwe mbele ya watu, na kura ipigwe hadharani.

Lililo gumu kuliko yote ni lile swali la kwanza: fedha hiyo ni yako kweli? Na awe baba mmoja aliyebeba magunia mawili ya muhogo mpaka mjini, akayauza. Fedha aliyoishika imekwisha kugawanywa kabla hajaondoka nyumbani: hii ya shule ya mtoto, hii ya chumvi na sabuni, hii ya deni la shemeji. Njiani anapita penye kibanda ambapo watu huweka fedha juu ya matokeo ya mpira, kama inavyofanyika leo katika miji mingi ya Kongo. Kibanda kina ruhusa ya Serikali, nayo imebandikwa ukutani. Anaweka kidogo, anapoteza. Anaweka zaidi ili airudishe ile ya kwanza. Usiku anarudi kwa miguu, na njiani anatunga habari ya wanyang'anyi.

Katika habari hiyo nani ameibiwa? Mwenye kibanda hakumshika mkono. Sheria haikuvunjwa. Mchezo haukuwa na hila nyingine ila ile ya hesabu, ambayo iko wazi kwa kila ajuaye kuhesabu. Lakini asubuhi mtoto wake anarudishwa kutoka mlango wa darasa, na mama aliyelima ule muhogo kwa jembe lake hakuulizwa neno. Serikali ilipotoa ruhusa ya kibanda ilitazama kodi na mlango. Haikuhesabu watoto wa huyo baba. Kazi ya kuwahesabu ilikuwa yake yeye. Akija kuungama baada ya Ubatizo wake, padri hatamwuliza kama kibanda kilikuwa na karatasi ya ruhusa. Atamwuliza amewarudishiaje, na amemwambia mkewe kweli au bado anasema ni wanyang'anyi.

Juma linalofuata mwalimu akilete tena kile kibuyu. Awaulize wakatekumeni: mfanyakazi asiye na mke wala deni, akitumia franka chache za mshahara wake kwa tikiti, amekosa nini? Na mtumishi wa kasino anayezungusha gurudumu kwa uaminifu, mshahara wake ni wa haki? Wajibizane wenyewe kwanza, naye asikilize. Kisha aingize mkono, aitoe ile karanga, aile mbele yao, na aulize: sasa maharagwe yako 36 tu, mekundu 18 na meusi 18, wala hakuna anayekatwa kitu. Nani atakayekubali kujenga nyumba, kuwasha taa usiku kucha na kulipa watumishi, kwa mchezo wa namna hii?